Simu Janja na Jani la Isale

Baba yangu mdogo anayeishi Houston alituma picha ya jani la isale kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu. Chini ya picha aliandika, "Kaka, naomba." Hakuongeza kitu, na kwa mtu wa Old Moshi hapakuwa na haja ya kuongeza.

Msomaji wa kwingineko nimweleze. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo, na penye makaburi ya wazee wetu. Ukimkosea mtu unakata jani lake, wengine hulifunga fundo, unakwenda nalo mpaka kwake. Anayepelekewa isale hakatai. Anaweza kuwa na haki yote upande wake, anaweza kuwa amedhulumiwa mchana kweupe, lakini jani likishafika mkononi mwake, ugomvi unapaswa kwisha. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walilikuta jani hili likifanya kazi yake, na sisi wajukuu wa waliobatizwa hatukuliacha. Nimeona isale likipokelewa sebuleni, chini ya kalenda ya kanisa, na hakuna aliyeshangaa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa ardhi, kama ugomvi mwingi wa huku juu. Baba mdogo alizungumza na mnunuzi kwa simu kuhusu kipande cha kihamba kilicho ng'ambo ya mfongo, mfereji wetu wa maji, bila kumwambia kaka yake, baba mkubwa wangu, anayeishi pale na aliyepalilia mikahawa ile tangu baba yao afariki. Siku moja mnunuzi akatokea na kamba ya kupimia. Baba mkubwa akamwondoa kwa maneno machache, kisha akanyamaza. Hakupiga simu Houston, hakupokea simu ya Houston, na jina la mdogo wake halikutajwa tena mezani.

Picha ilipoingia, mjukuu alimpelekea simu shambani. Baba mkubwa akavaa miwani, akaitazama, akauliza, "Hili jani limekatwa wapi?"

Hapakuwa na wa kumjibu. Picha ilikuwa imeokotwa mtandaoni. Vijana wa ukoo wakasema dunia imebadilika, mtu aliye mbali afanyeje? Wazee wakasema picha ni picha. Wakabishana mpaka usiku, wengine kwa maandishi na wengine kwa sauti za kurekodi, na mwishowe wakanigeukia mimi kwa sababu mbili: ni mzee wa kanisa katika usharika wetu, na riziki yangu ni kibanda cha simu mjini Moshi. Walitaka kujua kama msamaha ulioombwa kwa simu umeombwa au haujaombwa. Swali hilo lilinikosesha usingizi, kwa sababu niliona si la ukoo wetu peke yake.

Kibanda changu hakiko mbali na stendi kuu. Nilianza na vocha za kukwangua. Wateja wa wakati ule walikuwa wakinunua muda: wananiuliza dakika ngapi, wanapiga wakiwa wamesimama palepale, wanaongea haraka na kukata kabla salio halijakata lenyewe. Wasio na salio walibipu, na kubipu kulikuwa na kanuni zake. Binti wa sokoni Mbuyuni akibipu mara moja, mamake kule Uru anajua amefika salama. Akibipu mara tatu, kuna shida, watafute pesa wampigie. Simu ilikuwa kitochi, yenye tochi kichwani na betri ya kukaa wiki nzima.

Leo mteja haulizi dakika, anauliza GB. Bando analinunua mwenyewe kwa pesa iliyo ndani ya simu, kwa M-Pesa ambayo Vodacom iliianzisha nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, au kwa huduma za kampuni nyingine zilizofuata. Kwenye 4G hata sauti ya mtu inaweza kukatwa vipande na kusafirishwa kama data, pamoja na picha na nyimbo na mpira wa Ulaya, na mnara hautofautishi kilio cha mama na kelele za uwanjani. Mwaka 2022 Vodacom ikawasha 5G nchini. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, shirika la simu la TTCL likafikisha intaneti ya kasi Horombo, mlimani Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, likilenga kupanda hadi Kilele cha Uhuru penye mita 5,895. Yupo mpagazi mmoja wa Marangu ambaye zamani akipanda na wageni aliaga nyumbani kama mtu anayesafiri nje ya nchi. Siku hizi mkewe anampata Horombo na kumuuliza ada ya mtoto ameiacha wapi.

Mimi ninaishi kwa mabadiliko haya na ninayashukuru. Lakini nikiwa nyuma ya kioo cha kibanda nimeona jambo ambalo matangazo ya kampuni za simu hayalisemi. Kila mtandao unapoongezeka kasi, udhuru wetu mmoja unakufa.

Mama yangu alikuwa na kaka Mombasa. Barua zao zilibebwa na madereva wa mabasi, na nyingine hazikufika. Mjomba alipofiwa na mke, sisi tulipata habari kaburi limeshaota majani. Mama alilia, akaomba dua, na hakuna aliyemlaumu, wala yeye hakujilaumu. Umbali ulibeba lawama yote. Kitochi kilipokuja kikatunyang'anya udhuru wa barua, ila kikatuachia mwingine: salio limeisha, mtandao unasumbua, chaji imekata. Simu janja imeumaliza na huo. Sasa kuna alama mbili za bluu, na kuna maandishi yanayoeleza mtu alionekana mtandaoni saa ngapi.

Yupo mama wa Kibosho anayekuja kibandani na simu janja aliyonunuliwa na mwanawe mfanyabiashara wa Kariakoo. Kupiga anajua, bando analijua, ananunua la shilingi 1,000 na kulitunza. Anachokuja kutafuta ni macho yangu.

"Niangalizie mwanangu, amesoma?"

Ninaangalia. "Amesoma, mama."

"Lini?"

"Jumanne."

Anaichukua simu, anaifunga kwenye pindo la khanga, ananiaga vizuri na kwenda kupanda Hiace. Zamani asingejua. Angebaki na matumaini kwamba ujumbe umepotea, au kijana ana kazi nyingi na bado hajaushika. Leo anajua kwamba mwanawe aliyasoma maneno yake, akayaacha. Katekisimo yetu ya Kilutheri inaihesabu amri ya kuwaheshimu baba na mama kuwa ya nne, ya kwanza kabisa baada ya zile zinazomhusu Mungu mwenyewe. Sidhani kama kuna kizazi kilichowahi kupimwa kwa amri hiyo kwa ukali kama hiki chenye simu mkononi. Kunyamaza, ambako kwa mjomba wa Mombasa kulikuwa bahati mbaya, kwa huyu wa Kariakoo ni tendo, lina siku na saa.

Na tunaupenda udhuru, hilo nalo nimeliona. Jumapili ya Mei 12, 2024, siku ambayo wengi huwapigia mama zao, nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zilipata hitilafu na intaneti ikazorota nchini. Ukoo wetu ulikuwa na kikao cha video jioni ile kuhusu jambo gumu. Kikaahirishwa. Kupiga simu ya kawaida kuliwezekana, lakini sikusikia hata mmoja aliyesema tupigiane hivyohivyo. Udhuru ulirudi kwa muda, watu wazima wakaukumbatia.

Basi, kama mtandao umetuondolea udhuru wa kutosema, je, umetuondolea pia wajibu wa kufika? Vijana wa grupu walijibu ndiyo. Kama ninakuona, unaniona, tunasikizana, kufika kunaongeza nini zaidi ya nauli na uchovu? Ni hoja nzito na sikutaka kuijibu kwa kusema tu kwamba mila ni mila.

Jibu lililonisaidia lilitoka kwenye kazi yangu. Mwishoni mwa mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 tulikuwa tukisajili laini kwa alama za vidole. Kila laini ilitakiwa iunganishwe na namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA na kidole cha mwenyewe. Siku ya mwisho ikasogezwa hadi Januari 20, 2020, na baada ya hapo laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Wazee wakashuka mjini kutoka Mbokomu, Kilema, Machame, wengine wakishikwa mkono na wajukuu. Nilishika vidole vya watu wengi majira yale. Nilikuwa nikimfuta mzee kidole kwa kitambaa, nakiweka kwenye mashine, mashine inakataa. Tunajaribu gumba, inakataa. Tunajaribu mkono wa kushoto. Ananawa kwa sabuni, anapumzika, tunaanza upya. Jembe, kamba ya ng'ombe na miaka mingi ya kuchuma kahawa vilikuwa vimeisaga ile mistari mpaka ngozi imekuwa laini kama jiwe la mtoni.

Mzee mmoja, mstaarabu sana, aliniuliza kama mwanawe aliye mjini angeweza kuja kuweka kidole kwa niaba yake. Nikamwambia, "Haiwezekani, baba." Akafikiri, akauliza kama mjukuu angekipiga picha kidole wakaniletea, ili yeye asishuke tena kwa mguu wake mbovu. Hilo nalo haliwezekani. Alishuka tena, na tena, hadi kidole kimoja kikakubali.

Nilikuwa nikifunga kibanda jioni moja ya siku zile nikaona tunachokifanya. Mtandao huu umejengwa ili watu wasilazimike kufika. Lakini ulipotaka kujua kwa hakika kwamba mimi ndiye mimi, na kwamba nitabeba dhamana ya kitakachofanywa kwa jina langu, ulinidai mwili. Haukuridhika na sauti yangu, wala sura, wala picha. Ikiwa kwa jambo dogo kama laini ya simu neno kutoka mbali halikutosha, litatosha vipi kwa mtu aliyetaka kuuza mikahawa ya kaka yake?

Niliyasema haya kwenye ibada ya jumuiya, nyumba kwa nyumba, na kijana mmoja akanijibu kwa Biblia. Alinikumbusha akida wa Kirumi kule Kapernaumu, ambaye mtumishi wake alikuwa mgonjwa. Akida hakutaka Yesu aingie nyumbani kwake, alitaka aseme neno tu, na mtumishi akapona bila Yesu kukanyaga pale. "Mama mzee," akasema, "neno lilisafiri bila mwili, na Bwana akaisifu imani ile. Huo si mtandao?"

Nilimwomba muda. Nilikwenda nyumbani nikaisoma habari ile kwa Mathayo, kisha kwa Luka, na wiki iliyofuata nikarudi na nilichokiona. Kwa Mathayo akida alikuja mwenyewe. Kwa Luka hakuja, lakini alituma wazee wa Wayahudi, halafu akatuma rafiki zake. Waandishi hawa wawili wanatofautiana juu ya nani aliyetembea, ila hawatofautiani kwamba kuna aliyetembea. Uponyaji ulikwenda kwa neno. Ombi lilikuja kwa miguu. Mwenye uwezo wa kutoa anaweza kutoa akiwa mbali. Anayeomba hufika, na asipoweza kufika huwatuma watu wanaofika. Hata Yesu alipofundisha kuhusu mtu aliyekumbuka madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake, alimwagiza aiache sadaka palepale aende kwanza akapatane naye. Aende, asisubiri kuitwa.

Sababu yake nadhani naielewa. Anayefika na jani mkononi amejitoa. Amesimama uani kwa mtu, mbwa wanambwekea, watoto wanachungulia, na mwenye nyumba anaweza kumtukana, kumwacha juani, au kumtazama tu mpaka aibu impande usoni. Hana pa kujificha. Ni kwa sababu hiyo mila inamfunga na yule wa ndani: mmoja amejiweka mikononi mwa mwenzake, huyo mwingine hana ruhusa ya kumwangusha. Kwenye simu kila mmoja ana kitufe cha kukata. Anayeomba anaweza kukata akiona maneno yamekuwa makali, anayeombwa anaweza kuacha ujumbe usomwe na usijibiwe. Hakuna aliyejitoa, kwa hiyo hakuna aliyefungwa. Baba mkubwa alipouliza jani limekatwa wapi alikuwa akiuliza hilihili kwa njia yake: nani ameinama akalikata, kwenye mpaka upi, na ni mpaka huuhuu wa kipande alichotaka kuuza?

Babu yangu alipata kipaimara Old Moshi enzi za mchungaji Bruno Gutmann, Mjerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kurudi kwao kwa mara ya mwisho mwaka 1938. Gutmann aliandika sana kuhusu sheria na desturi za Wachagga, na alishikilia wazo moja maisha yake yote: kwamba Mungu hamuumbi mtu peke yake, humuumba akiwa amefungamana na ukoo, na majirani, na rika lake, na kwamba kanisa lijengwe juu ya vifungo hivyo badala ya kuvikata. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha kuwa ndugu wa ngao, kila mmoja awe na wa kumsimamia. Babu alimtembelea ndugu yake wa ngao mpaka uzeeni, akivuka korongo kwa fimbo.

Gutmann aliogopa fedha na mji. Aliona vitamfanya Mchagga kuwa mtu mmojammoja asiye na mtu. Hapo nadhani alitukadiria chini. Wachagga walipanda kahawa kwa wingi, wakaunda chama chao mwaka 1925 na ushirika wa KNCU mwaka 1933, wakasomesha watoto, wakaenda Dar es Salaam na mbali zaidi, na ukoo haukufa. Ukoo wetu, uliotawanyika kutoka Kariakoo hadi Houston, ungekuwa majina tu kwenye msiba kama si grupu lile la WhatsApp. Watoto waliozaliwa ng'ambo wanamjua shangazi yao kwa sura. Kwenye mnada wa mavuno baada ya ibada, mkungu wa ndizi unaweza kununuliwa na mtu aliye Uingereza, pesa ikaingia kwenye lipa namba ya usharika kabla mkungu haujashushwa mezani, na mkungu ukapelekwa kwa mjane. Rambirambi inafika usiku uleule wa msiba, na Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, niliona watu wakiongezea kiasi cha tozo juu ya rambirambi ili mfiwa asipungukiwe. Huo ni upendo, na umepita kwenye mnara. Asiyeuona ana chuki na simu, hana hoja.

Nina jirani Mkatoliki, mama aliyeolewa kutoka Kilema, parokia kongwe. Yeye anashangaa kwamba sisi tunabishana. Anasema kwao hili limekwisha kusemwa: Vatikani ilitoa waraka kuhusu Kanisa na Intaneti Februari 22, 2002, ukaeleza kwamba hakuna sakramenti mtandaoni. Unaweza kusali na misa ya runinga ukiwa mgonjwa, ukafarijika kweli, lakini komunyo utaletewa na mtu atakayegonga mlango. Nilipenda hilo la mtu atakayegonga mlango.

Sasa nirudi kwa baba mdogo, kwa sababu kuna jambo ambalo vijana wa grupu walilijua na wazee hawakulijua. Hakuwa mvivu wa safari. Hana karatasi. Ameishi Marekani miaka mingi bila kibali, na akitoka hatarudi, na wanaokula kwa jasho lake huku na kule ni wengi. Mtandao umeondoa umbali wote uliokuwa kati yake na kaka yake isipokuwa ule uliowekwa na serikali. Nilipolijua hili niliona kwamba kumwambia tu "njoo" ni kumdai kisichowezekana, na kumwambia "picha inatosha" ni kumdanganya. Nikarudi kwa Luka. Asiyeweza kufika huwatuma watu wanaofika.

Anaye mtoto wa kiume anayesoma Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi. Alimwacha akiwa mchanga na wanajuana kwa video. Nilimpigia baba mdogo nikamwambia, "Baba, mtume mwanao." Alinyamaza, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Atajua pa kukata?" Nikamwambia wewe mwelekeze.

Kijana alipanda nasi Jumamosi. Baba yake akamwongoza kwa video kutoka Houston, ambako alfajiri ilikuwa haijaingia: pita kwenye mwembe, shuka, ufuate mfongo, hapo. Hapo penye masale matatu. Kata la katikati. Mtu ambaye hakuwa ameiona ardhi ile kwa miaka alikuwa anakumbuka kila hatua, na mtoto wake akainama akakata. Tuseme ukweli, bila intaneti ya kasi jambo hili lisingewezekana. Kwa kitochi asingeweza kumwonyesha mtoto mpaka wa babu yake.

Tulipofika uani baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye benchi. Tulimwamkia, akaitikia. Nilikuwa nimeshika simu ili baba mdogo aone. Baba mkubwa akaniambia, "Zima kwanza hiyo, mama." Nikamwambia baba mdogo tutampigia, nikakata.

Kijana akampa jani kwa mikono miwili. Baba mkubwa akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza kutazama lilipokatiwa, utomvu bado mbichi. Akamuuliza lile swali lake, na safari hii likajibiwa: "Kwenye mpaka, baba, kando ya mfongo." Akamtazama mtoto wa mdogo wake kwa muda mrefu. Akaagiza mbege, pombe yetu ya ndizi, akanywa kidogo, akampa kijana kata. Halafu akaniambia, "Haya, mpigie."

Maneno waliyosemezana ni yao. Kipande kile hakikuuzwa. Mpaka ulipandwa masale mapya, na Jumapili baada ya ibada ndugu wawili hao huzungumza kwa video, baba mkubwa akishikilia simu karibu mno na uso.

Kwa hiyo swali la ukoo nalijibu hivi, na nitalijibu hivi mbele ya baraza la wazee wa kanisa nikiulizwa. Simu inaweza kuanzisha msamaha, inaweza kuuelekeza njia, na baada ya msamaha inaweza kuulinda usipoe. Kuuomba, hapana. Hapo panahitajika mtu aliyetoka kwake, na kama karatasi, ugonjwa au gereza vinamzuia, atume wa damu yake au rafiki yake anayekubali kusimama uani kwa niaba yake. Wachungaji na wazee wa kanisa wenzangu, tusikubali kupatanisha watu kwa kusambaziana picha kwenye grupu. Na tusimdharau aliyetuma picha. Tumuulize kwa upole ni nani atakayemletea jani.

Wewe unayesoma ukiwa Dar es Salaam na una neno na mtu wa huku juu, karatasi hazikuzuii. Mabasi ya Moshi yanaondoka kituo cha Magufuli pale Mbezi kila siku alfajiri, na huna haja ya kungoja likizo ya Desemba. Kata tiketi.